Katiba Ileile, Usomaji Mwingine: Japani na Suala la Jeshi Lake

Mwalimu wa historia katika shule moja ya sekondari mkoani Morogoro ameuliza hivi: "Kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi wangu kwamba baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia Japani ilijikataza, kwa katiba yake yenyewe, kuwa na jeshi. Sasa nasikia inanunua makombora ya masafa marefu na kwamba bajeti yake ya ulinzi inafikia asilimia 2 ya pato la taifa. Je, katiba imebadilishwa? Kama haikubadilishwa, imewezekanaje? Na sisi wa Afrika Mashariki jambo hili linatuhusu nini?"

Mwalimu, nianze na swali lenye jibu fupi. Katiba ya Japani haijabadilishwa hata neno moja tangu ilipoanza kutumika tarehe 3 Mei 1947. Kilichobadilika ni namna inavyosomwa, na usomaji huo haukugeuzwa kwa siku moja wala na kiongozi mmoja. Umesogezwa hatua kwa hatua kwa zaidi ya miaka 70, na karibu kila hatua ilifuata tukio la nje lililowakuta viongozi wa Tokyo hawana la kujibu. Kwa maoni yangu, anayetaka kuielewa sera hii afuatilie maneno kabla ya kuhesabu ndege na manowari, kwa sababu katika Japani ugomvi juu ya silaha huanza kwa ugomvi juu ya jina la silaha hiyo.

Ibara ya 9, ambayo ndiyo kiini cha somo lako, ina aya mbili tu. Ya kwanza inasema kwamba wananchi wa Japani wanaachana milele na vita kama haki ya taifa, na pia na vitisho au matumizi ya nguvu katika kutatua migogoro ya kimataifa. Ya pili inasema kwamba, ili kulitimiza hilo, majeshi ya nchi kavu, ya majini na ya anga hayatawekwa kamwe. Anayeisoma kwa mara ya kwanza haoni mwanya wowote. Hata hivyo, mwezi Juni 1950 vita vililipuka Korea, askari wa Marekani waliokuwa wameikalia Japani wakavushwa kwenda kupigana huko, na Jenerali Douglas MacArthur, Mmarekani aliyekuwa akiongoza ukaliaji huo, akaagiza kiundwe kikosi cha akiba cha polisi chenye watu 75,000. Mwaka 1954 kikosi hicho, kikiwa kimeshapitia jina jingine katikati, kikawa Vikosi vya Kujilinda, na ndivyo vinavyoitwa mpaka leo. Serikali ilieleza kwamba kila nchi ina haki ya asili ya kujihami, hivyo nguvu ya kiasi cha chini kinachohitajika kwa kazi hiyo si yale majeshi yaliyokatazwa.

Maelezo hayo yalizaa msamiati wake. Vifaru viliitwa "magari maalumu" katika miaka ya mwanzo. Askari wa miguu hadi leo huitwa "tawi la kawaida", na manowari kubwa huitwa "meli za kusindikiza". Nawasihi wanafunzi wako wasiyachukulie maneno haya kama mapambo. Jina likikubalika bungeni, kifaa chenyewe hupata uhalali. Likikataliwa, bajeti yake hukwama.

Juu ya msingi huo waziri mkuu Shigeru Yoshida alijenga mapatano yaliyodumu kuliko yeye mwenyewe: Marekani ingeilinda Japani, Japani ingeipa Marekani ardhi ya kambi, na nguvu za taifa zingeelekezwa kwenye viwanda na biashara. Mkataba wa usalama wa 1951, uliorekebishwa mwaka 1960 katikati ya maandamano makubwa yaliyomlazimisha waziri mkuu Nobusuke Kishi kujiuzulu, ndio mhimili wa mpango huo. Yalifuata masharti ya kujibana: mwaka 1967 waziri mkuu Eisaku Sato alitangaza kwamba Japani haitamiliki silaha za nyuklia, haitazitengeneza wala haitaruhusu ziingizwe nchini, mauzo ya silaha nje yakabanwa, na mwaka 1976 matumizi ya ulinzi yakawekewa ukomo wa takriban asilimia 1 ya pato la taifa. Somo unalofundisha, Mwalimu, ni picha sahihi ya kipindi hicho.

Picha hiyo, hata hivyo, ina kona ambayo vitabu vya shule huipita haraka. Okinawa, iliyorudishwa kwa Japani mwaka 1972 baada ya kutawaliwa na Marekani tangu vita, ina kama asilimia 0.6 tu ya ardhi ya nchi hiyo, lakini imebeba takriban asilimia 70 ya eneo la kambi zinazotumiwa na Marekani peke yake. Amani ya Tokyo na Osaka imelipiwa na wakazi wa visiwa hivyo kwa kelele za ndege, kwa ajali, na kwa makosa ya jinai ambayo yamewatoa watu mabarabarani mara nyingi. Nadhani mtu hawezi kuzungumzia kwa haki "Japani ya amani" bila kuitaja Okinawa.

Mtikisiko wa kwanza mkubwa ulitoka Ghuba. Iraki ilipoivamia Kuwait mwaka 1990, Japani, ambayo mafuta yake mengi hutoka huko, haikuweza kupeleka askari hata mmoja. Badala yake ilitoa dola bilioni 13. Vita vilipokwisha, Kuwait ilichapisha tangazo katika magazeti ya Marekani kuzishukuru nchi zilizoikomboa, na Japani haikutajwa. Tangazo lile la ukurasa mmoja liliwachoma wanasiasa na maofisa wa Tokyo kuliko lawama zozote za kidiplomasia. Mwaka huohuo, 1991, Japani ilipeleka Ghuba meli za kutegua mabomu ya baharini, na mwaka 1992 Bunge likapitisha sheria ya kushiriki katika kazi za kulinda amani za Umoja wa Mataifa. Kikosi cha kwanza kilikwenda Kambodia.

Kikosi kingine baadaye kilikuja kwetu, ingawa ni wachache wanaokumbuka. Kuanzia Septemba hadi Desemba 1994 wanajeshi wa Japani walikuwa Goma, katika Zaire ya wakati huo, wakiwatibu na kuwasafishia maji wakimbizi wa Rwanda, huku ndege zao za mizigo zikitumia Nairobi kama kituo. Kabla hawajaondoka, mjadala mkali ulizuka Tokyo: kikosi hiki kichukue bunduki ngapi za rashasha? Maofisa waliona moja haitoshi. Wanasiasa waliona mbili zingefanana na safari ya vita. Wakaenda na moja. Ukiwaeleza wanafunzi kisa hiki, wataona jinsi Ibara ya 9 ilivyokuwa ikifanya kazi kwa vitendo: serikali ya nchi tajiri kuliko karibu zote duniani ilibishana kuhusu bunduki ya pili kwa ajili ya watu wanaopelekwa kwenye kambi iliyojaa wauaji wenye silaha.

Sudan Kusini ilileta fundisho jingine. Wahandisi wa Japani walikuwa Juba kuanzia 2012, wakitengeneza barabara. Kwa mujibu wa sheria ya 1992, hawakuruhusiwa kubaki mahali ambapo makubaliano ya kusitisha mapigano yamevunjika. Mwezi Julai 2016 Juba iliwaka moto, na wanajeshi waliokuwa kambini wakaandika katika ripoti zao za kila siku neno "mapigano". Serikali ilikuwa inasema bungeni kwamba kilichotokea hakikuwa mapigano kwa maana ya kisheria. Wizara ya Ulinzi ilidai ripoti zile zimeshaharibiwa, baadaye zikaonekana, kikosi kikaondolewa mwezi Mei 2017, na miezi miwili baadaye waziri wa ulinzi akajiuzulu. Waziri mzima aliangushwa na neno ambalo mwanajeshi aliliandika kwa sababu ndilo alilolisikia nje ya uzio. Tangu hapo Japani haijapeleka tena kikosi kamili katika kazi za kulinda amani. Imebaki na maofisa wachache wa makao makuu.

Wakati huo hofu ya Wajapani ilikuwa imeshahamia karibu na nyumbani. Korea Kaskazini ilirusha kombora juu ya kisiwa chao kikuu mwaka 1998 na ikafanya jaribio la kwanza la nyuklia mwaka 2006. Na China, ambayo uchumi wake uliupita wa Japani mwaka 2010, ilianza kupeleka meli zake mara kwa mara karibu na visiwa vya Senkaku, ambavyo yenyewe huviita Diaoyu, hasa baada ya serikali ya Japani kuvinunua visiwa vitatu kutoka kwa mmiliki binafsi mwezi Septemba 2012. Shinzo Abe alirudi madarakani kama waziri mkuu mwishoni mwa mwaka huo akiwa na nia ya kubadilisha katiba. Marekebisho yanahitaji theluthi mbili ya kila bunge kati ya mabunge mawili, kisha wingi wa kura za maoni za wananchi, na Abe hakufika huko. Alichofanya ni kuupanua usomaji. Tarehe 1 Julai 2014 Baraza la Mawaziri liliamua kwamba Japani inaweza kutumia nguvu hata pale inaposhambuliwa nchi rafiki, mradi shambulio hilo linahatarisha uhai wa Japani yenyewe, hakuna njia nyingine ifaayo, na nguvu itakayotumika ni ya kiasi cha chini kabisa. Tangu 1972 msimamo rasmi ulikuwa kwamba nchi ina haki ya kujilinda kwa pamoja na wengine lakini katiba hairuhusu itumike. Sheria za kutekeleza uamuzi huo zilipita Septemba 2015, maelfu ya watu wakiwa wamesimama nje ya Bunge kuzipinga, na wanasheria wengi wa katiba wakisema zinaivunja Ibara ya 9. Naona hoja yao ilikuwa na nguvu: jambo lenye uzito huo lilistahili kupelekwa kwa wananchi.

Sasa nifike kwenye makombora uliyoyauliza. Mtazame mtu anayeishi Yonaguni, kisiwa cha mwisho cha Japani upande wa magharibi, chenye wakazi wapatao 1,700, kilomita kama 110 tu kutoka Taiwan. Kwa muda mrefu ulinzi wa kisiwa hicho ulikuwa polisi wawili na bastola zao. Mwezi Februari 2015 wakazi walipiga kura kuhusu kuweka kambi ya vikosi, wakakubali kwa kura 632 dhidi ya 445, na kambi ikafunguliwa mwaka uliofuata. Tarehe 4 Agosti 2022, baada ya Nancy Pelosi, aliyekuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi la Marekani, kuitembelea Taiwan, China ilifanya mazoezi ya kijeshi na makombora yake matano yakaanguka katika ukanda wa kiuchumi wa bahari wa Japani. Moja liliangukia takriban kilomita 80 kutoka Yonaguni, katika maji wanakovua wavuvi wa huko. Karibu miezi sita kabla ya hapo Urusi ilikuwa imeivamia Ukraine, na waziri mkuu Fumio Kishida alikuwa akirudia kila alikokwenda kwamba kinachoipata Ukraine leo kinaweza kuipata Asia Mashariki kesho.

Katika hali hiyo, tarehe 16 Desemba 2022, serikali ya Kishida ilipitisha nyaraka tatu za usalama wa taifa. Zilipanga kutumia yeni trilioni 43 kwa miaka mitano kuanzia 2023, na kufikisha asilimia 2 ya pato la taifa ifikapo 2027 kwa kujumlisha bajeti ya ulinzi na matumizi yanayohusiana nayo. Japani iliamua kununua makombora ya Tomahawk yapatayo 400 kutoka Marekani na kurefusha masafa ya makombora yake yenyewe hadi kilomita kama 1,000. Na hapa pia neno lilitangulia. Awali uwezo huu uliitwa "kushambulia kambi za adui". Chama tawala kikabadilisha jina na kuuita "uwezo wa kujibu mashambulizi", ili uingie ndani ya kile kiasi cha chini cha kujilinda kilichoelezwa tangu 1954. Ofisa wa Tokyo atakuambia kwamba hakuna kilichogeuzwa. Mwanafunzi wako mwerevu atauliza: kombora linalofika bara la Asia ni la kujilinda au la kushambulia? Mwache aulize, kwa sababu ndilo swali ambalo Wajapani wenyewe wamegawanyika juu yake, na jibu linategemea lini linarushwa, wala si umbali linaofika.

Kuna mwelekeo mwingine unaoandikwa kidogo, nami nauona kuwa na uzito kuliko makombora. Japani inatafuta marafiki wa pili. Kwa miongo mingi ilikuwa na mshirika mmoja tu wa kijeshi, Marekani. Sasa ina mikataba na Australia, Uingereza na Ufilipino inayoruhusu majeshi ya kila upande kuingia katika nchi ya mwenzake kwa mazoezi na kazi nyingine. Inatengeneza ndege ya kivita pamoja na Uingereza na Italia, ikilenga iwe tayari mwaka 2035. Mwezi Agosti 2025 Australia ilichagua meli za kivita za muundo wa Kijapani kwa ajili ya jeshi lake la majini, jambo lisilowezekana chini ya ule mkazo wa zamani wa kutouza silaha. Aidha, tangu 2023 upo msaada wa kiusalama unaotolewa kwa majeshi ya nchi nyingine, tofauti na misaada ya maendeleo tuliyoizoea. Ufilipino ilipewa rada za pwani. Sababu yake haisemwi hadharani, ila inaonekana: Tokyo haina tena uhakika kwamba kila rais wa Marekani ataiheshimu ahadi ya 1960 kwa moyo uleule. Haiondoki kwa Marekani, maana kuna askari wa Kimarekani zaidi ya 50,000 katika ardhi yake, ila inajiwekea akiba.

Sanae Takaichi, mwanamke wa kwanza kuwa waziri mkuu wa Japani, aliingia madarakani Oktoba 2025 baada ya chama cha Komeito, kilichokuwa kikipunguza kasi ya mabadiliko haya kwa robo karne, kujiondoa katika muungano wa kutawala. Alitangaza kwamba ile asilimia 2 itafikiwa ndani ya mwaka wa fedha 2025, miaka miwili kabla ya wakati, na kwamba nyaraka tatu za usalama zitaandikwa upya. Tarehe 7 Novemba aliulizwa bungeni kuhusu Taiwan, akajibu kwamba matumizi ya manowari na nguvu za kijeshi dhidi ya kisiwa hicho yanaweza kuwa hali inayohatarisha uhai wa Japani. Kifungu hicho cha maneno ni kilekile cha 2014, na watangulizi wake wote walikuwa wakijizuia kukifunga na jina la Taiwan. Beijing ilikasirika, ikawashauri raia wake wasisafiri kwenda Japani na ikasimamisha tena ununuzi wa mazao ya bahari kutoka huko. Msimamo wa kisheria ulikuwa uleule. Sentensi moja ilitosha kuvuruga biashara ya wavuvi na wenye hoteli.

Usidhani lakini kwamba njia iko wazi mbele yao. Mpango wa yeni trilioni 43 ulikadiriwa kwa kiwango cha yeni 108 kwa dola, na tangu hapo dola imepita yeni 150 mara kadhaa, kwa hiyo silaha za Marekani zimekuwa ghali kuliko ilivyotarajiwa. Deni la serikali linazidi mara mbili ya pato la taifa. Na kizuizi kigumu kuliko vyote ni watu: mwaka 2024 walizaliwa watoto wasiofika 700,000 katika nchi nzima, na katika mwaka wa fedha 2023 vikosi viliandikisha takriban nusu tu ya idadi vilivyoihitaji. Bunge linaweza kupitisha bajeti kwa kura; halitampata kijana wa miaka 20 ambaye hakuzaliwa.

Swali lako la mwisho lina majibu yaliyo karibu nasi kuliko wengi wanavyodhani. Sera ya "Indo-Pasifiki huru na iliyo wazi", inayotajwa leo na Marekani, India na Ulaya, ilitangazwa na Abe jijini Nairobi tarehe 27 Agosti 2016, katika mkutano wa TICAD, yaani mkutano wa Japani na nchi za Afrika kuhusu maendeleo, wa kwanza kufanyika Afrika. Bahari aliyoizungumzia ni pamoja na hii yetu, kutoka Mombasa na Dar es Salaam hadi Bahari ya China Kusini, na ndiyo maana mikopo ya Japani imekwenda kwenye kituo kipya cha makontena cha Kipevu na barabara ya Dongo Kundu, huko Mombasa. Kambi pekee ya kudumu ya Vikosi vya Kujilinda nje ya nchi iko Djibouti, ilikofunguliwa mwaka 2011 kwa ajili ya kupambana na maharamia wa pwani ya Somalia. Kwa ndugu zetu walioko Oman na Ghuba, jambo hili liko dirishani kabisa: zaidi ya asilimia 90 ya mafuta ghafi ya Japani hutoka Mashariki ya Kati, na mwanzoni mwa 2020 Tokyo ilipeleka manowari katika Ghuba ya Oman. Haikuiweka chini ya kikosi kilichoongozwa na Marekani, kwa kuwa haikutaka kuikosesha Iran imani. Na kazi iliyoandikwa katika hati ya kuituma, Mwalimu, haikuwa doria wala ulinzi. Iliitwa "utafiti na ukusanyaji wa habari".